Katambayi, katoni na mumbunda

Tuko wengi tunaosema kama Jean Katambayi Mukendi ni "msanii wa takataka". Anaokota katoni, nyaya na vipande vya vyombo vya umeme, anatoa mashine. Tunapiga makofi, tunaenda. Mimi naona hiyo sifa inapunguza kazi yake.

Tumuangalie vizuri. Alizaliwa hapa Lubumbashi mu 1974, akasoma mambo ya umeme, na hiyo elimu inaonekana: mashine zake za katoni ziko na hesabu ndani. Ila mimi napenda zaidi Afrolampe zake, michoro mikubwa ya balbu juu ya karatasi. Nyuzi za ndani zinapindapinda, jicho linazifuata mpaka linachoka, na balbu haiwaki. Mu mji unaotoa shaba ya nyaya za dunia na wenyewe unalala gizani mara mingi, ile balbu inatushitaki.

Kama tunatafuta takataka iliyogeuka mali kweli, twende mumbunda, ule mlima mweusi karibu na shimine. Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa mu 1911, na mabaki njo yakajenga mlima. Toka miaka ya 2000 yanayeyushwa tena kwa ajili ya kobalti. Mu 2024 STL, kampuni ya Gécamines, ikaanza kutuma jermaniumu ya mlima huo kwa Umicore, Ubelgiji. Jermaniumu inatumika mu nyaya za intaneti na mu satelaiti. Na Umicore ni nani? Ni mrithi wa Union Minière, ilibadilisha jina mu 2001. Kumbe nyumba iliyotupa takataka njo inapokea sasa utamu wake.

Kwa hiyo kila tukisifu "kugeuza takataka", tuulize pia: kitu kizuri kikishatoka, kinabaki kwa nani?

Hilo swali namuuliza Katambayi pia, na sisi wenye diploma. Kazi zake zinatembea sana Ulaya. Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na Picha mu 2008, ilifungua mlango hapa nyumbani, lakini mlango wa kila miaka miwili ni mdogo kwa mtoto wa Katuba ao wa Kenya. Mimi ningetaka mashine yake moja ikae UNILU mwaka mzima, karibu na wanafunzi wa polytechnique, waizunguke, waihesabu, wabishane nayo.