Mikono Miwili, Hesabu Mbili

Weka mikono mezani, uhesabu moja hadi sita pole pole, tena na tena. Wa kulia ugonge kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto kwenye moja na nne. Mwanzoni mmoja utamburuta mwenzake. Ukivumilia, utasikia kitu kinazunguka: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Mkono wa kulia haukukipiga, wala wa kushoto.

Kyela, nchi ya Wanyakyusa kando ya Ziwa Nyasa, enzi mpunga ukikobolewa kwa kinu, somo hili lilianzia uani. Wanawake wawili au watatu, kinu kimoja: mchi huu ukipanda, ule unashuka, na anayepata nafasi anagonga ukingo. Ukikosea, michi inagongana na kiganja kinakufa ganzi.

Ngomani mambo ni magumu zaidi. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, aliandika habari za maziko yao katika makala iliyotoka 1939: ngoma zinalia, vijana wamevaa njuga na kushika mikuki, kila mmoja anaruka peke yake kana kwamba ana adui wake, huku wanawake wakiomboleza. Mgeni angesema ni vurugu. Lakini njuga nazo ni ala, na kila mguu una hesabu yake juu ya ngoma ileile.

Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alieleza jambo linalofanana na hili mwaka 1960, akichunguza marimba ya Buganda: wapigaji wawili wanapigiana kwenye mianya, na kasi ikipanda msikilizaji anasikia nyimbo ambazo hakuna aliyezipiga.

Kwenye ngoma, haya yote yanategemea ngozi. Unyevu wa ziwani huilegeza, basi huoteshwa moto, igongwe, ioteshwe tena, mpaka ngoma ndogo iache kufanana sauti na kubwa. Zikifanana, sikio halijui nani kapiga nini, na ufundi wote umepotea bure.

Sifa huenda kwa mwenye ngoma kubwa, anayechombeza na kuchokoza wachezaji. Mimi namvulia kofia yule wa pembeni mwenye kipigo kimoja kifupi usiku kucha. (Kinanda cha harusini nacho hakichoki, lakini hakuna anayejaribu kukipoteza.) Huyu jirani zake wanamvuta kushoto na kulia, kwa makusudi kabisa, naye anawasikia vizuri, na hawafuati.