Rosa Mistika na Habari Yangu ya Aya Tatu

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwandishi wa mkoani hapa Bukoba, nilituma habari ya aya tatu kuhusu mwanafunzi wa sekondari wilayani Muleba aliyejiua. Aya ya kwanza ilieleza alivyofanya, mpaka kifaa alichotumia. Ya pili ilisema chanzo kinadaiwa kuwa mapenzi. Ya tatu ilikuwa wito kwa wazazi wasimamie maadili ya watoto wao. Mhariri akaipa kichwa kinachoanza na neno "Kisa", gazeti likatoka, nikalipwa. Sijawahi kuandika habari haraka kama ile, na ndiyo pekee ninayotamani ingepotea njiani.

Nimeikumbuka kwa sababu wiki mbili hizi nilikuwa Kamachumu na nimerudia kusoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Niliisoma mara ya kwanza chuoni, kwa ajili ya mtihani. Safari hii niliisoma kwenye benchi la nje, jirani wakikamua ndizi, na sikuimaliza kwa raha.

Riwaya hii watu huitaja kwa mambo mawili: kwamba ilitoka mwaka 1971, na kwamba iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Waliotaka isisomwe waliona ngono. Ukiisoma ukiwa mtu mzima unaona jambo jingine kabisa, unaona nyumba. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, na Kikerewe na Kihaya ni ndugu. Labda ndiyo maana msomaji wa Muleba haielekezwi nyumba ya Zakaria. Anaijua, ameshapita mbele ya mlango wake jioni akasikia kelele akaongeza mwendo.

Zakaria ni mlevi. Mkewe, Regina, anapigwa. Binti yao mkubwa, Rosa, anaandikiwa barua na kijana Charles, baba anaigundua, na kipigo kinachofuata hakina uwiano wowote na kosa. Kisha miaka inapita. Rosa anakwenda sekondari akiwa na woga mkubwa wa wanaume, watu wanauona woga ule wanauita tabia njema. Anafika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na fimbo ya baba, na hapo inajulikana kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kitu zaidi ya kuogopa. Mwisho Charles yuleyule anamwacha, na Rosa anajiua.

Sasa hebu mpe mwandishi wa mkoani habari hii. Ataandika nini? "Kisa mapenzi." Na hatakuwa amedanganya! Atakuwa amesoma ukurasa wa mwisho tu. Kati ya barua ya kwanza na kifo kuna kitabu kizima: pombe ya baba, ukimya wa mama, walimu, wanaume wenye vyeo, jirani wanaojua yote na kutosema lolote. Mimi nilipewa ukurasa wa mwisho wa maisha ya mtoto wa Muleba na sikuuliza kurasa nyingine ziko wapi.

Darasani nako hatuna nafuu kubwa. Tulifundishwa kuikatakata riwaya hii kuwa dhamira: ulevi, malezi mabaya, nafasi ya mwanamke. Unaorodhesha, unatoa mfano, unapata alama. Nakumbuka nilipata alama nzuri tu. Sikumbuki mtu yeyote katika semina ile aliyeuliza ni siku gani Rosa angeweza kushikwa mkono, na nani.

Kuna jambo lingine ambalo benchi la Kamachumu lilinionyesha. Katika vitabu vya shule nilivyosoma mimi, mlevi ni baba. Zakaria ni baba. Mzee Lomolomo katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo naye ni baba. Mtoto ni yule anayeteseka kwa kiu ya mwingine. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kwetu ndizi zikishakamuliwa, juisi yake, omulamba, mtoto anapewa kikombe bila mtu kukunja uso. Juisi hiyohiyo ikitiwa mtama wa kukaanga na kulala kwenye mtumbwi, kesho inakuwa lubisi. Ikichemshwa na kukingwa inakuwa gongo, ambayo wazee huiita enkonyagi kana kwamba jina linaisafisha. Kati ya kinywaji cha mtoto na cha baba kuna usiku mmoja. Kijana wa miaka kumi na minne anayetumwa kuchukua lubisi ya wageni anaonja njiani, na nani atamkemea, wakati sherehe nzima imeketi na vibuyu?

Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, na nilishangilia, maana viroba vilikuwa vinaingia mfuko wa kaptula ya shule bila kuonekana. Lakini lubisi haijawahi kuhitaji mfuko. Bado nasubiri riwaya ya Kiswahili itakayomfuata mtoto huyo anayekunywa, imfuate kwa subira ileile aliyopewa Rosa, bila kumgeuza onyo la kubandikwa ukutani.

Na hapa ndipo ninapogombana na Kezilahabi, kwa heshima zote. Rosa anajiua. Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, Kazimoto naye, msomi wa chuo kikuu, anajiua. Kwa mwandishi haya ni maswali ya falsafa: maisha yana maana gani, nani wa kulaumiwa. Katika Rosa Mistika anaipeleka kesi mpaka mbele za Mungu, baba na binti wakitupiana lawama. Ni sehemu inayonisumbua na kunivutia, kwa sababu mazungumzo ambayo hayakufanyika sebuleni Namagondo yanafanyika baada ya wote wawili kufa. Kijana wa miaka kumi na sita anaweza kusoma sehemu hiyo akaielewa kinyume: kwamba ukifa ndipo baba atakusikiliza.

Sisemi kitabu kifungiwe tena. Hoja ya kukifungia ilikuwa ya hovyo wakati ule na bado ni ya hovyo. Ila si siri kwamba namna ya kusimulia ina uzito. Goethe alipotoa riwaya yake kuhusu kijana Werther mwaka 1774, vijana wa Ulaya walisemekana kumwiga mpaka kifo, na miaka mia mbili baadaye watafiti wakalipa jina lake tatizo la vifo vinavyofuata habari za vifo. Mjini Vienna, mwaka 1987, magazeti yalipewa mwongozo wa kuripoti watu waliojiua kwenye reli za chini ya ardhi: punguza ukubwa wa habari, acha maelezo ya namna. Vifo vile vikapungua. Watafiti wa hukohuko baadaye walionyesha na upande wa pili, kwamba habari ya mtu aliyefika ukingoni akarudi inaweza kumsaidia msomaji naye arudi. Mimi aya yangu ya kwanza ilikuwa na kifaa, na aya zote tatu hazikuwa na namba 116, simu ya mtoto, ambayo mtoto wa Muleba angeweza kuipiga bure usiku uleule.

Tatizo ni kwamba anayerudi kutoka ukingoni kwetu anasubiriwa na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema kujaribu kujiua ni kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitupa kifungu kama hicho cha kwao Januari 2025. Hapa nimewahi kuona familia ikimficha mtoto aliyenusurika, ikiwaambia majirani ni malaria, kwa kuogopa aibu na polisi kwa pamoja. Katika hali hiyo nani atasimulia kisa cha kurudi? Hata mwanariwaya anakosa pa kuanzia.

Nilipokuwa nafunga mizigo, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, aliniomba kitabu. Nilisita, halafu nikampa, kwa sharti kwamba tukisome pamoja kwa simu, sura moja kila Jumapili. Jumapili iliyopita tulifika kwenye ile barua ya Charles. Nikamuuliza, wewe ungekuwa Regina ungefanyaje?

Akanyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "mbona unaniuliza mimi? Muulize mama."

Simu nilikuwa bado nimeishika. Dada alikuwa palepale sebuleni, namsikia anaosha vyombo. Nikamwambia mtoto ampe.