Kibali cha Njia

Nimesahihisha insha za walimu wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na andiko lililonipa taabu kulitoa kosa ni moja ambalo halichapwi popote. Ni kile kibali anachosomewa rubani kabla hajaingia mawinguni akitegemea vyombo vyake tu.

Nilikisikia mara ya kwanza katika kiwanja kidogo cha bara, kisicho na mnara, tukirudi Unguja wakati wa masika. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya minazi. Mdogo wangu kalazwa mjini, na kila dakika niliiona saa. Rubani kakaa, simu sikioni, kalamu mkononi. Abiria tukaanza kunung'unika, na mimi, naona haya kusema, ndiye niliyemwendea.

"Mwanangu, njia hii si unaijua?"

"Naijua, mzee wangu. Na mwenzangu anayetoka upande wa pili naye anaijua."

Ufafanuzi bora kuliko huo sijaupata. Mpango wa safari aliokwisha kuupeleka ni ombi. Kibali ndilo jawabu lake. Ndani ya wingu macho hayafai kitu, kwa hivyo mwongozaji aliye chini ndiye anayezitenga ndege, na kwa kimo huwa ni futi 1,000 baina ya moja na nyingine, yaani kama mita 300. Penye mnara msafiri haoni lolote katika haya. Lakini mawimbi ya redio ya ndege huenda moja kwa moja, na ndege ikiwa ingali chini huenda yasimfikie mwongozaji wa mbali. Hapo hutumika simu, au ndege nyingine iliyo juu huombwa kufikisha maneno. Wako wanaoruka kwanza kwa macho, wakaomba wakiwa hewani. Hali ikiwa peupe, sawa. Ikiwa si peupe, wingu huweza kufika kabla ya jawabu.

Sasa tulitazame andiko lenyewe. Mpangilio wake, kama wanavyofundishwa marubani wengi, ni mwisho wa safari iliyoruhusiwa, njia, kimo, masafa ya redio, kisha namba nne za kumtambulisha kwenye rada. Halina kivumishi cha mapambo hata kimoja. Marekani, kwa viwanja visivyo na mnara, huongeza saa ya mwisho: ikipita hujaruka, kibali kimekufa, na usipotoa habari ndani ya nusu saa utaanza kutafutwa. Si ukali huo. Anga limewekwa kwa ajili yako, na wengine wanazuiwa wasiliingie. Kisha rubani hukirudia kibali chote kwa sauti. Chuoni tuliwakanya vijana wasikariri kama kasuku. Hapa nakubali kasuku ana kazi yake.

Kasoro ninayoiona mimi imo katika jina. Kiingereza kina neno moja kwa ruhusa ya njia na ruhusa ya kuruka. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana katika ukungu wakafa watu 583. Kiwanja kilikuwa kidogo, kimejaa ndege zilizogeuzwa huko kwa sababu ya bomu katika kisiwa jirani. Mwongozaji alisoma ruhusa ya njia, na ndani yake akataja kuruka, kueleza tu upande wa kugeukia baadaye. Rubani msaidizi hajamaliza kurudia, ndege imeshaanza kwenda. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba neno la kuruka litamkwe pale tu ruhusa hiyo inapotolewa au kufutwa.

Magazeti yetu nayo huandika "ndege iliruhusiwa", basi. Iliruhusiwa nini? Tunalo neno kibali na tunalo neno idhini. Waandishi wetu wangesema kibali cha njia na idhini ya kuruka, wala wasiyachanganye, hata kama marubani wenyewe watabaki na Kiingereza chao.

Simu ya rubani wetu iliitikiwa mwishowe. Aliandika, akasoma alichoandika. Akasahihishwa kimo. Akafuta, akasoma upya tangu mwanzo, na safari hii hakuna aliyenung'unika. Nilimkuta mdogo wangu yu macho, akaniuliza nilikuwa wapi muda wote ule.