Muuguzi Hurudi

Ukimwuliza mpita njia kazi ya nesi ni nini, atakwambia kuchoma sindano na kugawa vidonge. Na vidonge vyenyewe, hasa hivi vya homa na maumivu, havimtishi mtu. Parasetamoli inauzwa duka la mtaani, rafu moja na viberiti na majani ya chai. Kumpa mgonjwa viwili na maji ya kunywa, nani atashindwa? Lakini anayeuguza ndugu wodini hana la kufanya mchana kutwa ila kutazama, na akimtazama muuguzi aliyeiva katika kazi yake, ataona kwamba kumeza kidonge ndicho kipande kifupi kuliko vyote. Kabla yake kuna kazi, na baada yake kuna kazi kubwa zaidi.

Wodi niliyokaa mimi ilikuwa ya hospitali ya wilaya, vitanda vimebanana. Muuguzi wa zamu ya mchana, mama wa makamo ambaye wote walimwita sista tu, alikuwa na desturi iliyowaudhi ndugu za wagonjwa: hafungui kopo la dawa kabla hajapima. Mgonjwa anatetemeka, shangazi yake analalamika kwamba mtoto wa watu anakufa, na yeye ametulia, kipimajoto kwapani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Anaandika kwenye chati, ndipo anageukia troli. Ukishampa mtu dawa ya kushusha homa, kipimajoto hakikupi tena habari za ugonjwa. Kinakupa habari za dawa. Joto likiwa 39.2 saa nne na 37.4 saa sita, daktari asiyejua kwamba katikati ilipita gramu moja ya parasetamoli anaweza kudhani antibiotiki imeanza kushika.

Tumbo nalo ni hivyo hivyo. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia ni habari ambayo daktari wa upasuaji anaitafuta. Sista huiandika kwanza: wapi, tangu lini, yanachoma au yanakata, yanakuja na kuondoka au yamekaa pale pale. Kisha huyatuliza. Wapo wazee wa kazi waliofundishwa kumwacha mgonjwa augue hadi daktari aje, ati dawa itaficha ugonjwa. Imani hiyo imeshapitwa na wakati, na heri. Muuguzi anayeandika vizuri hana haja ya kumtesa mtu ili kuhifadhi ushahidi.

Halafu yanakuja maswali. Umekula? Uliwahi kuumwa vidonda vya tumbo? Choo kina rangi gani, cheusi cha kunata? Ukimeza aspirini kifua hubana? Mkojo unatoka vizuri? Kuna dawa unakunywa nyumbani, hata ya mitishamba? Ukiyasikia kwa mbali utadhani yanaokotwa okotwa. Ufunguo wake ulipatikana mwaka 1971, pale John Vane, mwanasayansi wa Uingereza, alipoonyesha kwamba aspirini na jamaa zake huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi hiyo ilimfanya awe mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazofanya jeraha livimbe na liume, ndizo zinazouamuru ubongo upandishe joto. Lakini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi yake lenyewe. Hizo hizo huiachia damu njia ya kufika kwenye figo mtu anapoishiwa maji. Ibuprofeni na diklofenaki hazijui kuchagua. Huzima penye uvimbe, huzima na penye ulinzi. Kwa hiyo kila swali la sista lina kiungo chake mwilini. Umekula ni la tumbo. Mkojo ni la figo. Kifua ni la pumu, maana wapo wenye pumu ambao kidonge kimoja cha aspirini kinatosha kuwafunga pumzi.

Mzee wa kitanda cha dirishani alilazwa kwa kutapika na kuharisha. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na mkojo, kwa maneno yake, umekuwa bahili. Kwenye faili yake iliandikwa losartani na kidonge cha kupunguza maji mwilini, vyote vya presha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Babu, na magoti unayatibu na nini?"

Mzee alitabasamu, akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani yake vidonge vya diklofenaki, alivyogawiwa na jirani, viwili asubuhi viwili jioni, wiki ya tatu sasa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kuhusu magoti, kwa sababu hakuja na ugonjwa wa magoti. Dawa hizo tatu zikikutana kwa mzee aliyekaukiwa maji, figo zinaweza kuzimika. Sista hakumkaripia. Alilikunja gazeti vile vile, akaomba ruhusa ya kumtunzia, akaenda kumwita daktari. Aliporudi alikuja na jagi lenye alama za mililita, akaliweka chini ya kitanda: babu asikojoe chooni, akojoe humo, kila tone liandikwe. Kwa magoti akapewa parasetamoli. Nilimwuliza baadaye amejuaje. Akasema mzee aliposhuka kitandani alishika goti.

Kuna maswali yasiyoulizwa mbele ya watu. Chumba cha sindano aliletwa msichana mwenye maumivu makali ya mgongo, mama mkwe amesimama kichwani kwake. Cheti kimeandikwa diklofenaki. Sista alimtazama mama mkwe kwa heshima zote, akamwomba akajaze chupa ya chai maji ya moto kule jikoni. Mlango ulipofungwa ndipo akauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Tangu wiki ya 20 ya mimba dawa hizi zinaweza kudhoofisha figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Miezi ya mwisho zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao unatakiwa uwe wazi hadi azaliwe. Msichana akajibu kwa sauti ya chini. Sindano haikuchomwa. Mama mkwe aliporudi na chupa yake alikuta mazungumzo ya hali ya hewa.

Watu wetu wanaipenda sindano, wakiamini kidonge ni cha wasioumwa. Sista akiulizwa husema wazi kwamba diklofenaki ya sindano haiepuki tumbo: hufika huko kwa njia ya damu, na mwenye vidonda yuko hatarini vile vile. Inapobidi kuchoma, huchoma ndani kabisa ya nyama, kwa kuchagua mahali, maana kalioni hupita mshipa mkubwa wa fahamu, na sindano iliyopotea upana wa vidole vichache inaweza kumwachia mtu mguu wa kuburuta.

Wodi ya watoto iko ng'ambo ya ukumbi, na siku ambazo watumishi walikuwa pungufu alizunguka zote mbili. Huko ustadi wake ni hesabu. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, ni miligramu 180. Chupa inasema miligramu 120 katika mililita 5: basi mililita 7.5. Lakini chupa ya pili kwenye troli hiyo hiyo, rangi ile ile, inasema 250 katika mililita 5, na ukiichukua hiyo kwa kipimo cha kwanza umempa mtoto zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo lebo husomwa chupa ikitoka, husomwa dawa ikivutwa, husomwa chupa ikirudi. Dawa huvutwa kwa bomba lisilo na sindano, kwani vijiko vya nyumbani kila kimoja kina kina chake. Kisha bomba humkabidhi mama, avute mwenyewe mbele yake. Anamwambia: kila baada ya saa nne hadi sita, zisizidi mara nne kwa siku, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, usichanganye. Ini halipigi kelele mapema. Aliyezidisha anaweza kushinda siku nzima akijiona mzima, kumbe saa za kumwokoa zinakwisha.

Na hamdanganyi mama kwamba dawa itazuia degedege, haizuii. Homa yenyewe si adui. Anampa dawa ili mtoto apumzike, anyonye, anywe maji, na wakati huo kipimo cha malaria kinasubiriwa, kwani homa ikishuka malaria haijaenda popote. Aspirini kwa mtoto hataki hata kuisikia: mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia alieleza ugonjwa unaovamia ini na ubongo wa watoto, na tangu ulipohusishwa baadaye na aspirini wakati wa homa za virusi, kidonge hicho kimewekwa mbali nao. Dar es Salaam nayo ilipata somo lake dengi ilipolipuka mwaka 2014 na tena 2019. Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu, na ibuprofeni juu yake ni kualika damu itoke. Homa isiyojulikana chanzo, msimu wa dengi, hupewa parasetamoli peke yake.

Nimechelewa kufika kwenye ninalolihusudu zaidi. Kitanda cha kona alikuwapo kijana wa selimundu, miaka 19, amekuja na maumivu ya mapaja. Hana jeraha, hana uvimbe, na alikuwa akicheka na simu yake. Sista alipomwuliza kati ya sifuri na kumi maumivu yako ni mangapi, alijibu nane bila kuinua macho. Ndugu za wagonjwa wengine tuliangaliana. Yeye aliandika nane. Tangu mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, alifundisha kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenye nayo, na kwamba yapo pale anaposema yapo. Aliyezaliwa na selimundu amejifunza kucheka huku anaumia. Asingecheka angekuwa na muda gani wa kuishi? Akapewa dripu, akapewa morfini. Jirani zetu Uganda walibadili sheria mwaka 2004 wakawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika morfini wenyewe, na mtu akitazama kazi kama hii haoni la kushangaza ndani yake.

Baada ya nusu saa sista alirudi. Hakuitwa. Aliacha troli katikati ya wodi, akaja, akauliza tena: sasa ni mangapi? Tano. Akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akaandika, akaenda. Baada ya saa moja akarudi tena. Kurudi huku ndiko kunakomtenga na muuza duka. Muuza duka anauza, habari zinaishia pale. Dawa iliyotolewa bila kurudiwa ni kubahatisha, hata kama kipimo kilikuwa sahihi, kwa sababu hakuna anayejua kama ilifika, kama ilitosha, kama ilimdhuru. Kwenye chati yake safu ya "baada" ilikuwa imejaa kuliko nilivyoona popote.

Walio kwenye predinisoloni aliwarudia kwa namna nyingine. Hiyo huzima uvimbe kwa nguvu kuliko zote nilizotaja, na huzima dalili pamoja nao, hata maambukizi yanaweza kukua kimyakimya bila homa. Huitoa asubuhi, baada ya uji, ili usingizi usiibiwe usiku, hupima sukari, huchungulia mdomoni kama kuna utando mweupe. Na siku ya kuruhusiwa humkalisha mgonjwa chini kumwambia vidonge hivi havikatishwi ghafla kwa sababu umejisikia nafuu, vinapunguzwa kidogo kidogo, maana mwili ulishaacha kutengeneza vyake.

Saa mbili kasorobo usiku, zamu zikibadilishana, alisimama na kijana wa kiume aliyekuja kumpokea, chati mkononi, wakapita kitanda kwa kitanda.

"Babu wa dirishani, mkojo mililita 900 tangu asubuhi, umeongezeka. Diklofenaki asiguswe nayo, na jirani yake akija kumwona, mwangalie anachoacha chini ya mto."

"Huyu wa kona?"

"Ni matatu sasa. Nimemwona saa moja na nusu. Wewe mwone saa mbili na nusu, hata kama amelala mhesabie pumzi."

Kijana akaangalia saa yake, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu: 2:30.