Kutendea na Kutendana: Neno juu ya Hotuba ya Mwalimu Nyerere kwa Kanisa

Katika mwezi wa Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, naye Mkristo wa Kanisa Katoliki, alisema na Masista wa Maryknoll huko New York juu ya wajibu wa Kanisa katika maisha ya watu. Hotuba hiyo yafaa isomwe hata leo na mapadre na waalimu, maana yagusa kazi yao ya kila siku. Twapenda kuipima, kwanza kwa lugha yetu, kisha kwa habari za milima ya Usambara.

Neno lake kuu ni hili: Kanisa lisikae upande wa wenye nguvu, huku likiwagawia maskini sadaka; liingie kazini pamoja na watu, lisiwafanyie kazi tu. Alisema kwa Kiingereza, na kwa lugha hiyo tofauti yote hukaa katika kineno kidogo. Kwa Kiswahili imo ndani ya kitendo chenyewe: kusaidia na kusaidiana, kulimia na kulimiana. Katika kauli ya kwanza yuko mtenda, na yuko mtendewa, asiye na la kufanya ila kupokea na kushukuru. Katika kauli ya pili kila mmoja ana jembe mkononi. Kishambaa nacho kina kauli hizo mbili, na msaragambo wa kufungua njia au kujenga darasa si jambo geni kwa watu wa Lushoto.

Mpaka hapa twaisifu hotuba. Upungufu wake ni kwamba yasema "watu" kana kwamba ni mwili mmoja. Watu gani?

Tazama Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel walianza kazi mwaka 1891. Mwaka 1946 Serikali ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa kuponya udongo, na wakulima wakaamriwa kufanya matuta. Wenyeji hawakukosekana katika shauri hilo: machifu wa Kikilindi ndio waliosimamia amri. Lakini jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake wengi, na itikio la chifu halikuwa itikio lao. Watu wakachukia, wakapinga, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Udongo ulikuwa mgonjwa kweli. Lakini aliyeitikia siye aliyelima.

Ugumu huo haukwisha pamoja na machifu. Twende Kwamkoro, Usambara ya Mashariki. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikatwa kwa mashine msituni humo, kwa msaada wa Finland. Mwaka 1997 msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Amani. Kandokando yake yuko mwenye shamba, yuko kibarua wa chai asiye na ardhi, yuko mama atafutaye kuni. Padre akisema, "Nimeshauriana na watu wa Kwamkoro," twamwuliza: na yupi kati ya hao? Akileta miche ya miti, mwenye shamba atafaidi. Kibarua hana pa kupanda, na akiitwa msaragambo aweza kukosa ujira wa siku ile. Hiyo ni kutendea iliyovikwa nguo ya kutendana.

Tena shauri likitangazwa baada ya ibada tu, litawafikia Wakristo peke yao, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Kisima au njia haina dhehebu.

Basi twashauri hivi: kabla ya kuita mikono, Kanisa liite vinywa, na kwanza vinywa vya wale watakaobeba mzigo mkubwa. Na wakikataa, kukataa kwao kuhesabiwe kuwa shauri, kusiitwe uvivu. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Kanisa limekaa milimani zaidi ya miaka 130, na jembe limekwisha kupewa. Lililobaki ni kumwuliza mwenzi wa jembe tulime wapi.