Bei Haipimi Sauti: Hesabu ya Hedifoni za Kifahari

Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza hedifoni iitwayo HE 1, kwa bei ya takriban Euro 50,000. Amplifaya yake imekaa ndani ya jiwe la marumaru kutoka Carrara, Italia. Ukiiwasha, vitufe vinajitokeza taratibu kutoka kwenye jiwe, valvu nane za kioo zinapanda juu, kisha kifuniko kinafunguka na hedifoni yenyewe inaonekana imelala ndani. Yote hayo hutokea kabla muziki haujaanza, na msikilizaji aliyeitazama sherehe hiyo hawezi tena kuwa shahidi huru wa sauti itakayofuata. Ndiyo maana thamani ya hedifoni ya bei kubwa haiamuliki kwa kuivaa huku bei yake unaijua. Kwanza bei iwekwe kando na sauti ipimwe peke yake. Baada ya hapo bei irudishwe mezani iulizwe inalipia nini kingine. Tukifuata utaratibu huo tutaona kwamba sauti, ambayo ndiyo kila tangazo huitanguliza, ni sababu dhaifu kuliko zote ya kutoa fedha nyingi.

Kwamba bei hupenya hadi kwenye hisia si dhana ya mtaani. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika California, ambapo watu walionjeshwa mvinyo huku wakiambiwa bei ya kila mmoja. Bila wao kujua, mvinyo uleule uliletwa mara mbili: mara ya dola 10, mara ya dola 90. Wa dola 90 ulisifiwa kuwa mtamu zaidi, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Watu hao hawakuwa wakijifaragua. Raha waliyoisema waliipata kweli, ila chanzo chake hakikuwa ndani ya glasi. Sikio halina kinga dhidi ya jambo hilo. Mtu anayeshika kifaa kizito cha chuma na ngozi, akijua kimemgharimu mshahara wa miezi kadhaa, atasikia besi nzito na sauti safi hata kama vipimo havimuungi mkono.

Watafiti wa kampuni ya Harman nchini Marekani, wakiongozwa na Sean Olive na Todd Welti, walikutana na ugumu huo walipotaka kujua watu hupenda sauti ya namna gani. Kuficha spika ni rahisi, unaweka pazia mbele yake. Hedifoni hukaa kichwani, na hata ukimfumba mtu macho atatambua uzito, joto la sponji na namna inavyombana. Mwanzoni walimweka msaidizi nyuma ya msikilizaji, akimvisha na kumvua hedifoni asizoruhusiwa kuziona. Jaribio likawa la polepole, na kumbukumbu ya sikio hufifia upesi. Baadaye walipata njia ya ujanja zaidi. Walipima kila hedifoni kwa sikio la bandia lenye maikrofoni ndani, wakachora grafu inayoonyesha inavyotoa besi, sauti za kati na sauti za juu, kisha wakaipangia hedifoni moja kwa kompyuta iige grafu za nyingine zote. Msikilizaji alivaa kifaa kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, akabonyeza kitufe, na sauti ikabadilika papo hapo. Chapa, uzito na bei vyote vikatoweka, ikabaki sauti pekee.

Kwa njia hiyo walifanya jaribio la hedifoni 31 mbele ya wasikilizaji 130. Asilimia 64 waliipenda sauti iliyofuata mchoro mmoja unaokaribia ule wa spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Asilimia 15 walitaka besi zaidi, na asilimia 21 walitaka ipunguzwe. Maana yake ni kwamba ladha za watu hazijatawanyika ovyo kama tunavyodhani, na kwamba sauti inayopendwa na wengi inaweza kuchorwa kwenye karatasi. Hapo swali la bei linapata kipimo: je, hedifoni za bei kubwa zinaukaribia mchoro huo kuliko za bei ndogo? Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283, kuanzia zinazofunika sikio lote hadi zinazochomekwa ndani, akatafuta uhusiano kati ya bei ya dukani na mpangilio wa sauti. Hakuuona.

Sababu yake inaeleweka ukiifungua hedifoni ya kawaida. Ndani kuna utando mwembamba unaosukumwa na koili na sumaku, na umbo la sauti hutokana na vitu visivyo na gharama kubwa: tundu la kupitishia hewa limekaa wapi, kitambaa kilichobandikwa nyuma ni kizito kiasi gani, sponji ina kina gani. Kinachohitajika ni ujuzi na subira ya kupima na kurekebisha, na ujuzi huo ukishapatikana unaweza kuwekwa kwenye kifaa cha bei yoyote. Sony MDR-7506, iliyoingia sokoni mwaka 1991 na kuuzwa kwa takriban dola 100, imekuwa kifaa cha kazi kwenye studio na vituo vya redio kwa zaidi ya miaka 30. Kwa upande mwingine, utando wa berili kama ule wa Focal Utopia, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 4,000, ni kazi ngumu ya kiwandani inayostahili heshima. Lakini ugumu wa kutengeneza kitu ni jambo moja, na sikio kuutambua ugumu huo ni jambo jingine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Harman wenyewe ni wauzaji. JBL na AKG ni chapa zao, kwa hiyo mchoro wao unaweza kuwa tangazo lililovaa koti la maabara. Ni tahadhari ya haki, lakini utafiti wao umewekwa hadharani, njia yake inaweza kurudiwa na yeyote mwenye vifaa, na Breebaart alifikia hitimisho lake kuhusu bei kwa data yake mwenyewe. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wapenzi wa vifaa vya gharama husema grafu haionyeshi kila kitu, kwamba kuna wepesi wa sauti, upana wa jukwaa na undani usiopimika. Hapa fizikia inatusaidia. Katika hedifoni, mpangilio wa sauti na mwenendo wake wa wakati kwa sehemu kubwa huenda pamoja, kiasi kwamba ukirekebisha wa kwanza, wa pili nao hunyooka. Mikwaruzo inayoongezwa na kifaa nayo huwa midogo kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa utando ulio karibu na sikio hauhitaji kusukumwa sana. Sikatai kuwa kuna tofauti za umbo la sikio na za muundo ambazo wastani hauzinasi. Lakini anayedai kwamba tofauti hiyo ndiyo inayolipiwa maelfu ya dola ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha, na aithibitishe bei ikiwa imefichwa.

Basi bei ikirudi mezani inalipia nini? Kwanza, namna kifaa kinavyokaa kichwani. Besi huhitaji sponji izibe pande zote. Mkono wa miwani, mtandio au nywele zilizosukwa zikiacha upenyo mdogo tu, besi inavuja. Sponji pana, laini na yenye kubana kwa kiasi inaweza kuwa na thamani kwa mvaaji huyo kuliko utando wa madini adimu. Pili, vipuri. Sennheiser HD 600 ilitoka mwaka 1997, na waya wake unachomoka, sponji zake zinabadilishwa, vipuri vimeendelea kuuzwa miaka yote hiyo. Zenye betri ya lithiamu zina ukomo hata zikitunzwa vipi, na kama betri haibadilishiki, ukomo wake ndio ukomo wa kifaa. Tatu, mazingira ya matumizi. Hedifoni nyingi za juu kabisa zina mgongo wazi: ndani ya daladala au matatu utasikia honi na kondakta kuliko wimbo, na jirani yako atausikia wimbo wako. HD 600 hiyohiyo ina ukinzani wa omu 300, kwa hiyo simu nyingi hazina nguvu ya kuiendesha ipasavyo, na gharama ya amplifaya ni lazima iingizwe kwenye hesabu. Kwa msafiri wa basi, ya bei ya kati inayozima kelele itamfaa zaidi, tena itamkinga na tabia ya kupandisha sauti ili kuishinda injini, jambo linaloumiza masikio.

Wapo watakaosema rahisi ni ghali, na kwamba raha ya kumiliki kitu kizuri ni raha halali. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yanahesabika. AirPods Max za Apple zilizinduliwa Desemba 2020 kwa dola 549. Anayezivaa saa 4 kila siku kwa miaka 3 amelipa takriban senti 13 za dola kwa saa. Anayezivaa saa 2 kwa wiki kwa miaka hiyohiyo amelipa karibu dola 1.76 kwa saa. Mhariri wa sauti au mfanyakazi wa ofisi yenye zogo anaweza kuwa wa kundi la kwanza, na kwake bei kubwa ni bei ya kifaa cha kazi. Anayetaka marumaru na chuma kwa sababu anavipenda naye hana kosa, mradi aseme ananunua pambo. Kwa anayetaka sauti bora tu, ushauri ni kuanza na zilizopimwa vizuri katika bei ya dola 100 hadi 400, kuhakikisha zinamkaa na vipuri vinapatikana, na kutopanda juu ya hapo mpaka ataje kwa jina kitu ambacho hizo zimeshindwa kumpa.