Grenfell: Kosa Lilikuwa Tabaka Moja Nyuma

Tangu jumba la Grenfell liungue jijini London usiku wa 14 Juni 2017 na kuua watu 72, lawama zimemiminwa kwenye vibao vya alumini vyenye plastiki tumboni vilivyolifunika kwa nje, na ni haki. Lakini uamuzi usio na utetezi hata chembe ulifanyika tabaka moja nyuma ya vibao hivyo, pale povu gumu la PIR lilipobandikwa juu ya zege la jengo la ghorofa 24 ili kuzuia joto lisipotee. Anayetaka kumtetea aliyechagua vibao ana pa kushika: vilikuja na cheti chenye kupotosha. Aliyechagua povu hana. Waraka B wa kanuni za ujenzi ulisema wazi, katika aya ya 12.7, kwamba jengo lenye ghorofa iliyo juu ya mita 18 litumie vizuia joto visivyoshika moto kirahisi. Grenfell lilipita mita 67.

Kwa nini povu, basi? Kwa sababu ya tarakimu. Washauri wa ukarabati uliolivisha jengo povu na vibao waliweka lengo la U, yaani kipimo cha joto linalopenya ukutani (kikiwa kidogo ndivyo bora), ya 0.15, ilhali kanuni kwa ukuta wa zamani unaoboreshwa zilitaka 0.30 tu. Ugonjwa huu wa kukimbiza namba nzuri ya kuandika kwenye mchoro nimeulalamikia mno na sijachoka. Piga hesabu: sufu ya mawe, ambayo haiungui, ingefika 0.30 kwa sentimita kumi na kitu. Kuifikisha 0.15 kungedai zaidi ya sentimita ishirini, na hapo ndipo povu, lenye kuzuia joto vizuri zaidi kwa unene ule ule, linapoonekana kama mkombozi. Nalo likawekwa, sentimita 16 chini ya madirisha. Sentimita kumi za mwanzo ndizo hufanya kazi kubwa. Zinazofuata hupigania masalia. Kwa masalia hayo, jengo likavishwa kuni.

Wapo wanaosema mtengenezaji wa povu aliwadanganya wote. Ni kweli kwamba katika jaribio lake la moto la 2014 zilifichwa mbao za magnesiamu oksaidi za kuzuia moto, na uchunguzi umelianika hilo. Hata hivyo, kipeperushi chenyewe kilieleza kuwa matokeo yalihusu ukuta uliojaribiwa tu, wenye vibao vya saruji ya nyuzi. Alumini haikuwemo. Uongo ule haukumzuia mtu kusoma karatasi iliyo mbele yake. Wengine hunikumbusha kwamba ripoti ya Oktoba 2019 ilitaja vibao kuwa sababu kuu. Sibishi, sufu ya mawe pekee huenda isingeuzuia moto kupanda. Lakini ripoti hiyo hiyo ilisema povu lilichangia kasi na upana wa moto, na tukumbuke pia kwamba povu la aina hiyo likiungua hutoa gesi ya sianidi.

Nigel Whitbread na wenzake, waliosanifu jumba lililokamilika 1974, walijenga kila nyumba iwe sanduku la zege la kuufungia moto ndani. Wazo hilo ndilo lililoruhusu wakazi kuambiwa wabaki ndani. Warekebishaji walipaswa kuliheshimu, hasa kwa kuwa Knowsley Heights, karibu na Liverpool, ilikwishaonyesha mwaka 1991 jinsi moto unavyopanda ghorofa 11 kupitia uwazi wa nyuma ya vibao. Zege la Whitbread bado lilikuwa limesimama asubuhi. Kilichoungua upande wa nje ni nyongeza.

Desemba 2018 England ikapiga marufuku vifaa vinavyoungua kwenye kuta za nje za makazi mapya yanayozidi mita 18. Chini ya mita hizo, povu likaendelea kuuzwa, na tarakimu ya U ikaendelea kuwa ya kwanza kuulizwa.